Habari za Charlie Chaplin na Picha ya Sarakasi

Charlie Chaplin alizaliwa mwaka 1889, akakulia London, mji mkuu wa Uingereza. Wazazi wake walikuwa waimbaji katika majumba ya michezo, lakini mtoto huyo hakuona raha. Baba yake aliwaacha, akawa mlevi, akafa mwaka 1901. Mama yake, jina lake Hannah, alipotewa na sauti, kisha akaugua akili. Charlie alipokuwa mwenye miaka 7, yeye na mama yake na Sydney, kaka yake, waliingia katika nyumba ya maskini, na huko watoto wakatengwa na mama yao.

Mwaka 1908 aliingia katika kundi la wachekeshaji la Fred Karno, akajifunza kuchekesha watu bila kusema neno. Ujuzi huo ulimfaa sana alipofika Marekani, kwa maana picha za sinema za siku zile hazikuwa na sauti. Tangu mwaka 1914 alijulikana kwa kofia ndogo nyeusi, koti la kubana, suruali pana, viatu vikubwa na fimbo nyembamba.

Mwaka 1926 alianza kutengeneza picha iitwayo The Circus. Humo yeye ni maskini anayefukuzwa na askari, akakimbilia ndani ya hema la sarakasi, watu wakacheka mno. Mwenye sarakasi akamjaribu. Lakini alipoagizwa kuchekesha, hakuweza. Basi akapewa kazi ya kubeba vyombo. Kila alipobeba aliangusha, na watazamaji wakavunjika mbavu. Tajiri akapata fedha nyingi, naye akamficha kwamba yeye ndiye anayeleta watu. Mwishoni maskini huyo anamwachia mwingine msichana ampendaye, magari ya sarakasi yanaondoka, naye anabaki peke yake uwanjani.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko yote. Chaplin alijifunza kutembea juu ya kamba, akaingia katika tundu la simba, na mchezo wa humo ukapigwa picha zaidi ya mara 200. Picha za kamba zikaharibika zilipokuwa zikisafishwa, ikampasa kuzirudia. Dhoruba ikararua hema, na mwezi wa Septemba moto ukateketeza jumba lake la kazi. Halafu kesi ya talaka ikasimamisha kazi miezi minane hivi, na magazeti yakamtangazia aibu. Hata hivyo hakuiacha.

Picha ilionyeshwa Januari 1928, ikapendwa sana, na mwaka 1929 alipewa tuzo ya heshima kwa ajili yake. Mama yake, aliyekuwa amemleta Marekani ili atunzwe, alifariki mwaka ule ule wa 1928.

Chaplin alifariki Uswisi tarehe 25 Desemba 1977, mwenye umri wa miaka 88. Waliomcheka katika hema lile hawakujua taabu iliyokuwa nyuma ya kicheko chao. Mvumilivu hula mbivu.