Bwana William Miller na Siku Aliyoingoja

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyofichika na yaliyo dhahiri, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Katika darasa yetu kijana mmoja alituuliza suala ambalo hatukuweza kulipuuza. Alikuwa ameletewa ile barua ijulikanayo, ya ndoto ya Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.), isemayo kwamba Kiyama ki karibu mno, na kwamba asiyeinakili na kuieneza atafikwa na msiba. Kijana akataka kujua: wakati uliotajwa ukipita na pasitokee kitu, wale walioamini huwaje? Tumeona jawabu iliyo bora ni kusimulia maisha ya mtu mmoja wa Marekani, mashuhuri katika tarehe ya nchi ile, ambaye jambo hili lilimpata mbele ya macho ya watu wote. Hatumsimulii ili acheke mwenye kucheka, bali ili azingatie mwenye akili.

William Miller alizaliwa tarehe 15 Februari 1782 katika mji wa Pittsfield, jimbo la Massachusetts, naye ndiye mkubwa katika watoto 16. Alipokuwa na umri wa miaka minne wazazi wake walihamia Low Hampton, katika jimbo la New York, wakalima shamba. Skuli alisoma kidogo, lakini vitabu alivipenda mno. Mwaka 1803 alimuoa Bi Lucy Smith, wakenda kukaa Poultney, katika jimbo la Vermont. Huko akaingia katika rai ya watu waliokuwa wakisema kwamba Mungu yupo na ndiye aliyeumba ulimwengu, lakini hakuteremsha kitabu wala hashughuliki na viumbe vyake. Akadumu katika rai hiyo miaka mingi, naye ni mtu wa heshima mjini, hata akafanywa hakimu mdogo.

Kisha vikaja vita baina ya Marekani na Uingereza vilivyoanza mwaka 1812. Miller akawa kapteni wa jeshi, na mwezi wa Septemba 1814 alikuwako Plattsburgh, ambapo Wamarekani waliokuwa wachache waliwashinda Waingereza waliokuwa wengi. Jambo lile likamtikisa. Ikiwa Mungu hawaangalii waja wake, ushindi ule ulitoka wapi? Na mauti ya baba yake, aliyefariki mwaka 1812, yalikuwa yamekwisha kumfikirisha yaliyo nyuma ya kaburi. Akarudi Low Hampton kulima, na mwaka 1816 akairudia dini ya Wakristo wa Kibaptisti, ambayo ndiyo aliyolelewa nayo.

Wenziwe wa zamani wakamcheka. Naye akaazimia kukisoma kitabu chao aya kwa aya, hana tafsiri wala mwalimu, ila faharasa ya maneno tu. Akasoma namna hiyo kwa muda wa miaka miwili. Katika kitabu cha Danieli alikuta zimetajwa siku 2,300, akazifasiri kuwa kila siku moja ni mwaka mmoja. Akaanza kuhesabu tangu mwaka 457 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), ilipotoka amri ya mfalme wa Uajemi katika jambo la kuujenga upya mji wa Baitul Maqdis. Ukitoa 457 katika 2,300 husalia 1843. Basi mwaka 1818 akakata shauri kwamba Isa atarudi duniani kadiri ya mwaka 1843, na dunia hii itaungua.

Yatupasa tumfanyie insafu. Mtu huyu hakuwa laghai. Hesabu yake aliificha miaka 13, akiipima na kuipindua, akiogopa asije akawapoteza watu. Hakuanza kuhubiri mpaka mwezi wa Agosti 1831, alipoalikwa katika kijiji cha Dresden kilicho karibu naye. Kisha mialiko ikafuatana. Mwaka 1833 Wabaptisti wakampa ruhusa ya kuhubiri, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo vimondo vingi mno vilionekana mbinguni usiku katika Marekani, watu wakaingiwa na hofu, na wengi wakaona kuwa hizo ndizo alama. Mwaka 1839 akakutana na mhubiri wa Boston aitwaye Joshua Himes, na huyo ndiye aliyeibeba khabari ya mkulima wa kijijini akaifikisha katika miji mikubwa. Mwaka 1840 alianzisha gazeti. Zikafanywa hema kubwa za mikutano, na zikachapwa picha za hesabu ile ili hata asiyejua kusoma aifahamu. Waliomfuata wanakisiwa kuwa baina ya watu 50,000 na 100,000.

Hapo mwanzo Miller hakutaja siku. Alisema kuwa jambo litakuwa baina ya tarehe 21 Machi 1843 na 21 Machi 1844. Muda ule ukapita, na jua likachomoza kama kawaida. Akakiri mbele ya watu kwamba amekosea, ila aliendelea kuamini kwamba siku haiko mbali. Wafuasi wake walikuwa wamezinduka kwamba baina ya miaka ya kabla ya Isa na ya baada yake hakuna mwaka wa sifuri, basi hesabu ikasogea mbele mwaka mmoja. Mwezi wa Agosti 1844, katika mkutano wa Exeter, New Hampshire, mtu aitwaye Samuel Snow akatoa tarehe iliyo wazi: 22 Oktoba 1844. Miller mwenyewe alisita, wala hakuikubali mpaka mwanzo wa Oktoba, zimebaki wiki mbili au kama hizo. Na hapa pana mazingatio: mwenye kufungua mlango si lazima awe ndiye wa kuufunga. Wafuasi walikuwa wamemtangulia imamu wao, naye akawafuata.

Katika siku zile wapo waliolipa madeni yao, waliorudisha walichodhulumu, na waliotakana radhi na mahasimu wao. Na hayo ni mema. Lakini wapo pia waliofunga maduka yao, na wakulima walioacha viazi ardhini na matufaha mitini bila ya kuvuna, kwani wakasema, nani atakayekula? Siku ya 22 wakakusanyika majumbani na katika nyumba zao za ibada wakingoja. Mchana ukaisha. Usiku wa manane ukapita. Wakalia mpaka alfajiri. Asubuhi wakatoka na kuwakuta majirani zao njiani wakiwauliza kwa kejeli mbona hawajapaa. Baadhi ya nyumba zao za ibada zilishambuliwa. Na watu wakazua kwamba walivaa kanzu nyeupe na kupanda juu ya mapaa, na wenye kuchunguza tarehe hawakuona ushahidi wa maneno hayo. Twalitaja hili kwa sababu mwenye kukejeli naye huweza kuwa mwongo kuliko anayekejeliwa.

Sasa tumefika kwenye suala la kijana wetu. Watu wale baada ya siku yao kupita walishika njia nne.

Wa kwanza walirudi makanisani mwao kimya kimya, na wengine wao wakaiacha dini kabisa, wakasema kuwa ikiwa hili lilikuwa uwongo basi na yote ni uwongo. Wa pili waliweka tarehe nyingine, na ilipopita hiyo wakaweka nyingine tena, kama mcheza kamari anayetaraji kurudisha alichopoteza. Wa tatu walisema kwamba tarehe ilikuwa sahihi, ila tukio halikuwa la duniani bali la mbinguni, mahali ambapo hapana awezaye kwenda kulitazama. Katika hao wa tatu ndimo ilimotoka jamaa ya Wasabato, waliojipanga rasmi mwaka 1863 huko Battle Creek, Michigan, na ambao mwaka 1906 walifika katika nchi yetu ya Kenya wakaweka makao Gendia, karibu na Kendu Bay. Nao, kwa insafu, hawapangi tena tarehe. Wa nne, nao ni wachache, ndio waliosema waziwazi kwamba tumekosea.

Na Miller je? Alikuwa katika hao wa nne, lakini kwa mguu mmoja. Alikiri kukosea wakati, wala hakumsingizia mtu mwengine, na hilo si jambo dogo kwa mzee aliyesikilizwa na maelfu. Lakini kosa akaliona kuwa ni la tarehe zilizoandikwa na wanadamu, hakuliona kuwa ni la kuhesabu kwenyewe. Mwezi wa Januari 1845 kanisa lake la Low Hampton likamtoa. Mwaka 1848 kikajengwa kijumba cha ibada karibu na nyumba yake, na miaka yake ya mwisho alikaribia kuwa kipofu. Alifariki tarehe 20 Disemba 1849, naye angali akingoja.

Ndugu zetu, asiseme mtu kwamba hayo ni ya wengine. Nasi twaamini kuteremka kwa Nabii Isa (a.s.), na twaamini Kiyama bila ya shaka, na penye imani hapo ndipo panapoingia mwenye kuhesabu. Mwaka 898 wa Hijra Imamu Jalaluddin Suyuti wa Misri aliletewa karatasi isemayo kwamba katika karne ya kumi atatoka Mahdi na Dajjali, kwa madai ya hadithi kwamba Mtume (s.a.w.) hatakaa kaburini miaka 1,000. Imamu akabainisha kuwa hadithi hiyo haina asili, na akaandika risala. Mwaka 1000 wa Hijra ukaingia na ukatoka, ikadhihiri kwamba alisema kweli. Hata hivyo katika risala ile ile naye alifanya hesabu yake, kwamba umri wa umma huu hautafika miaka 1,500, na wanazuoni waliokuja nyuma wakamkosoa. Ikiwa bahari ya ilimu kama ile iliteleza hapo, atasalimika nani?

Na hiyo barua ya Sheikh Ahmad si ngeni pwani. Mwaka 1908 barua kama hiyo ilienea Lindi na miji mingine ya pwani iliyokuwa chini ya Wajarumani, watu wakashikwa na hofu. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz aliandika risala nzima kuikanusha. Juu ya hayo haijakoma: zamani ikinakiliwa kwa kalamu, na leo yapelekwa kwa simu.

Mwenye kuieneza hudhani hana khasara, kwamba ikiwa si kweli angalau watu wamekumbushwa. Twasema ni khasara kubwa. Uwongo huu haunasibishwi na fulani wa mtaani, wanasibishwa na Mtume (s.a.w.). Siku ikipita, kijana hatamkadhibisha aliyemletea barua, atamkadhibisha Mtume. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya wale wa Marekani, na mlango wake tumeufungua kwa mikono yetu wenyewe.

Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Kitabu chake kwamba ilimu ya Saa iko kwake peke yake. Jibrili alipomuuliza Mtume (s.a.w.) wakati wake, alijibiwa kuwa mwenye kuulizwa hajui zaidi ya mwenye kuuliza. Na bedui alipouliza, yeye aliulizwa ameiandalia nini. Na katika mafunzo ya Mtume (s.a.w.) ni kwamba Kiyama kikisimama na mkononi mwa mmoja wetu mna mche, basi akiweza kuupanda na aupande. Tazameni tafauti iliyopo baina ya mche huu na viazi vile vilivyoachwa ardhini.

Basi jawabu yetu kwa kijana ni hii: barua ichane, deni lako lilipe, sala yako isimamishe, na mche wako upande. Na aliyekwisha kuieneza asitafute taawili. Awaendee aliowapelekea, awaambie kwamba amekosea. Ni neno zito ulimini, lakini Bwana Miller aliweza kulisema nusu yake, nasi tuliopewa bayana zaidi tuna udhuru gani wa kutolitimiza?

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Wabillahi tawfiq.