Maisha ya Mwandishi: Henry David Thoreau (1817–1862)

Utangulizi

Mwanafunzi anayesoma insha za Ralph Waldo Emerson na Henry David Thoreau kwa mara ya kwanza aghalabu hulalamika kwamba hazina hadithi. Hamna mhusika wa kumfuata wala ploti ya kusimulia. Kuna sauti ya mtu mmoja anayetetea anachokiamini. Kwa sababu hiyo, maisha ya mwandishi yana uzito kuliko ilivyo katika riwaya au tamthilia. Thoreau, hasa, aliandika kuhusu mambo aliyoyatenda mwenyewe. Anayeyajua matendo hayo huielewa hoja upesi.

Hata hivyo, maisha hayo yamezungukwa na uvumi. Katika kusahihisha kazi za wanafunzi nimekutana mara nyingi na Thoreau aliyehamia msituni akawakimbia watu, au aliyefungwa miaka mingi kwa ajili ya watumwa. Huyo hakuwahi kuwako. Thoreau wa kweli aliishi karibu maisha yake yote katika mji mdogo mmoja, miongoni mwa watu waliomfahamu tangu utotoni, na papo hapo akakataa mambo waliyoyaona ya kawaida. Kukataa ukiwa ugenini si kazi kubwa. Kukataa mbele ya majirani, jamaa na mwajiri wako ni kazi ngumu, na ndiyo inayozipa insha zake nguvu.

Kuzaliwa na malezi

Thoreau alizaliwa tarehe 12 Julai 1817 mjini Concord, katika jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Jina alilopewa lilikuwa David Henry. Alipokuwa kijana aliyageuza majina hayo mwenyewe. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba yake, John, alitengeneza penseli. Mama yake, Cynthia, alipangisha vyumba nyumbani ili kuongeza kipato. Familia haikuwa maskini hohehahe, lakini kila senti ilihesabiwa.

Ni muhimu kutambua kuwa chuki yake dhidi ya utumwa haikutoka vitabuni. Mama yake na dada zake, Helen na Sophia, walikuwa katika chama cha wanawake wa Concord cha kupinga utumwa. Kijana huyu alilisikia suala hilo likijadiliwa mezani kwao kabla hajaliandikia lolote.

Elimu na kazi ya ualimu

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia 1833 hadi 1837. Mwaka aliohitimu, uchumi wa Marekani uliporomoka na kazi zikawa adimu. Yeye alibahatika kupata nafasi ya ualimu katika shule ya umma ya Concord. Wiki mbili hivi baadaye, mjumbe mmoja wa kamati ya shule alimtembelea darasani, akaona kuwa mwalimu huyu hachapi wanafunzi. Aliagizwa atumie kiboko. Siku hiyo Thoreau aliwachapa wanafunzi kadhaa bila kosa lolote, kana kwamba anataka kuonyesha jinsi agizo hilo lilivyokosa maana, kisha akajiuzulu.

Kisa hiki kinastahili kutazamwa kwa makini. Kwa upande mmoja, kijana wa miaka 20 aliacha mshahara katika mwaka wa njaa kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kuendelea. Kwa upande mwingine, gharama ya ujumbe wake ililipwa kwanza na watoto wasio na hatia. Mtahiniwa anayetaja upande mmoja tu hajakimaliza kisa.

Mnamo 1838 Thoreau na kaka yake John waliendesha shule yao ya kibinafsi. Humo kiboko hakikutumika. Wanafunzi walipelekwa mashambani na mtoni kuyaona kwa macho waliyoyasoma. Shule hiyo ilifungwa 1841 afya ya John ilipozorota.

Emerson na falsafa ya utransendentali

Emerson alikuwa na umri wa miaka 14 zaidi ya Thoreau. Aliwahi kuwa mchungaji mjini Boston, akauacha wadhifa huo mwaka wa 1832, kisha akahamia Concord. Kitabu chake kuhusu maumbile kilitoka 1836, na mwaka uo huo kundi la wanafikra likaanza kukutana naye. Miongoni mwao walikuwamo Bronson Alcott na Margaret Fuller. Hawa ndio walioitwa Watransendentali.

Kwa ufupi, waliamini mambo matatu. Kwanza, kuna ukweli unaopita ule unaofikiwa kwa milango ya fahamu, na kila mtu anaweza kuufikia kwa nuru iliyo ndani yake. Pili, maumbile ni mwalimu wa ukweli huo. Tatu, dhamiri ya mtu binafsi haipaswi kusujudia desturi, kanisa wala serikali. Emerson aliyaeleza hayo kwa jumla. Thoreau aliyachukua akayajaribu katika maisha ya kila siku: katika chakula, nyumba, kazi na kodi.

Mnamo Oktoba 1837 Thoreau alianza kuandika shajara, naye akaendelea nayo kwa zaidi ya miaka 20. Shajara hiyo ndiyo ghala la insha zake. Kwa kawaida wazo lilianzia humo, likawa mhadhara aliousoma mbele ya wakazi wa mji, na mwishowe likachapishwa. Ndiyo maana mtindo wake una sifa za mazungumzo: humsemesha msomaji, humchokoza, humtania. Hoja hii ni muhimu kwa swali lolote kuhusu mbinu za lugha.

Msiba wa 1842

Januari 1842 John alijikata kidole kwa wembe. Jeraha lilikuwa dogo, lakini lilileta pepopunda, naye akafa siku chache baadaye akiwa mikononi mwa Henry. Kwa muda Henry mwenyewe alionyesha dalili za ugonjwa ule ule ingawa hakuwa na jeraha. Mwezi huo huo Emerson alimpoteza mwanawe wa miaka mitano. Thoreau wakati huo aliishi nyumbani kwa Emerson, akimfanyia kazi za mikono, hivyo nyumba moja ilibeba misiba miwili.

Msomaji asiyeujua msiba huu huiona safari ya Walden kama majaribio ya kifalsafa tu. Kwa hakika, kitabu alichokwenda kukiandika huko kilihusu safari ya mashua aliyoifanya na John mwaka wa 1839.

Walden (1845–1847)

Tarehe 4 Julai 1845 Thoreau alihamia katika nyumba ndogo aliyoijenga kando ya kidimbwi cha Walden, katika ardhi ya Emerson. Nyumba ilikuwa na upana wa futi 10 na urefu wa futi 15, na kwa hesabu zake mwenyewe ilimgharimu dola 28 na senti 12 na nusu. Alilima maharagwe, akafanya vibarua, akasoma na kuandika. Aliondoka tarehe 6 Septemba 1847.

Je, alijitenga na watu? La. Mji ulikuwa umbali wa kutembea, naye aliutembelea mara kwa mara, akila chakula kwa mama yake na kupokea wageni kwake. Kuna wanaomcheka kwa sababu hiyo. Lakini yeye hakudai kuwa mtawa. Alitaka kujua ni vitu vichache kiasi gani vinamtosha mtu, ili ajue ni saa ngapi za maisha zinauzwa bure kwa ajili ya visivyohitajika. Swali hilo linaweza kuulizwa hata na mtu anayekula kwa mama yake Jumapili.

Usiku mmoja jela

Julai 1846, Thoreau alikwenda mjini kuchukua kiatu kwa fundi. Akakutana na Sam Staples, mkusanyaji kodi aliyekuwa pia mlinzi wa jela. Kwa miaka kadhaa Thoreau alikuwa hajalipa kodi ya kichwa, aina ya kodi ambayo mwanafunzi wa Historia nchini Kenya anaijua kutokana na enzi ya ukoloni. Alikataa kuilipa kwa sababu serikali iliyoitoza ilivumilia utumwa, na mwaka huo ilikuwa imeingia vitani dhidi ya Meksiko. Staples akamfungia.

Usiku huo mtu fulani, inaaminika kuwa shangazi yake, akailipa kodi hiyo. Asubuhi Thoreau akafunguliwa, na inasimuliwa kuwa alikasirika kutolewa. Akaenda kuchukua kiatu chake, kisha akaenda na wenzake kuchuma matunda ya mwituni.

Tukio lenyewe, basi, ni dogo. Kilicholifanya kubwa ni fikra zilizofuata. Mwaka wa 1848 aliwaeleza watu wa Concord sababu zake katika mhadhara, na 1849 mhadhara huo ukachapishwa kama insha kuhusu kuipinga serikali ya kiraia. Jina linalojulikana leo, la uasi wa kiraia, lilitumika 1866, baada ya kifo chake. Kiini cha hoja ni kwamba serikali ikitumia fedha zako kumdhulumu mwingine, wewe ni mshirika wa dhuluma hiyo, na kusubiri kura ijayo hakukuondolei lawama.

Kushindwa na kuendelea

Kitabu chake cha kwanza, kuhusu safari ya mtoni, kilitoka 1849 kwa gharama aliyoibeba mwenyewe. Zilichapishwa nakala 1,000. Mwaka wa 1853 mchapishaji alimrudishia nakala 706, naye akazibeba mgongoni hadi chumba cha juu nyumbani kwao. Deni alililipa kwa kupima ardhi za watu na kwa kazi ya penseli, ambazo yeye mwenyewe aliziboresha kwa kuchanganya grafiti na udongo wa mfinyanzi. *Walden*, aliyoiandika upya mara kadhaa, ilitoka Agosti 1854 na kupokelewa vizuri kiasi.

Utumwa na John Brown

Sheria ya 1850 iliwalazimu hata wakazi wa majimbo yasiyo na utumwa kusaidia kuwarudisha watumwa waliotoroka. Thoreau aliivunja: mwaka wa 1851 alimsaidia mtoro mmoja kupanda treni kuelekea Kanada. Mnamo 1854 Anthony Burns alikamatwa Boston akarudishwa utumwani chini ya ulinzi wa askari. Tarehe 4 Julai mwaka huo, Thoreau alihutubia mkutano huko Framingham akilikashifu jimbo lake mwenyewe.

Oktoba 1859 John Brown alivamia ghala la silaha la Harpers Ferry akikusudia kuanzisha uasi wa watumwa. Wengi, hata wapinzani wa utumwa, walimwita mwendawazimu. Thoreau alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumtetea hadharani, kabla Brown hajanyongwa tarehe 2 Desemba. Hapa pana swali zito: mtu aliyeanza kwa kutolipa kodi amefikaje kumtetea aliyeshika bunduki? Jibu zuri halilikwepi swali hili.

Kifo na athari

Desemba 1860 alipatwa na mafua akichunguza visiki vya miti, na kifua kikuu alichokuwa nacho kikazidi. Alifariki nyumbani kwao Concord tarehe 6 Mei 1862, akiwa na umri wa miaka 44. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vikiendelea, na utumwa ulipigwa marufuku nchini kote 1865. Emerson alimsifu sana mazishini, lakini pia akasikitika kwamba hakuwa na tamaa ya makuu. Rafiki huyo hakujua njia ambayo insha ingesafiri. Mohandas Gandhi aliisoma akiwa Afrika Kusini, na 1907 akachapisha sehemu zake katika gazeti lake. Martin Luther King aliisoma akiwa mwanafunzi chuoni Atlanta. Wote wawili walifanya jambo ambalo Thoreau hakulifanya: waligeuza kukataa kwa mtu mmoja kuwa kukataa kwa umma.

Tanbihi kwa mtahiniwa

Usimfanye Thoreau malaika. Hakuwa na mke wala watoto wa kulisha, na rafiki mwenye ardhi alikuwa karibu. Taja hayo. Kisha uliza kama yanaibatilisha hoja yake, au yanaonyesha tu kwamba wengine watalipa gharama kubwa zaidi wakiifuata.

Maswali ya marudio

1. Eleza jinsi kazi ya ualimu ilivyodhihirisha msimamo wa Thoreau kuhusu dhamiri na mamlaka. (alama 6)
2. Kwa kurejelea maisha ya Walden, jadili kauli kuwa Thoreau aliikimbia jamii. (alama 8)
3. Linganisha msimamo wake wa 1849 na ule wa 1859. Je, alibadilika? Toa sababu. (alama 10)
4. Taja jambo moja ambalo jamii yako huliona la kawaida nawe huliafiki. Ungelikataaje, na gharama yake angeilipa nani? (alama 6)