Kipa Aliyeficha Maradhi Yake

Mpira wa magongo twaujua, lakini kule Kanada huchezwa juu ya barafu, wachezaji wakiteleza kwa viatu vyenye vyuma, na kinachopigwa ni kisahani kigumu, kizito kama jiwe.

Georges Vézina alizaliwa mwaka wa 1887 mjini Chicoutimi, jimbo la Quebec. Yasemekana utotoni alidaka kwa viatu vya kawaida, na kuteleza akajifunza ukubwani. Mwaka wa 1910 alichukuliwa na klabu ya Montreal Canadiens, wala hakupata kuchezea nyingine. Siku zile kipa hakuvaa kinga usoni, na kwa miaka mingi sheria ilimkataza kujitupa chini: adake wima! Hata hivyo klabu yake ilitwaa Kombe la Stanley mwaka wa 1916 na 1924. Alikuwa mpole, msemaji haba.

Kwa miaka 15 hakukosa mechi hata moja ya ligi. Tarehe 28 Novemba 1925 aliingia uwanjani kupambana na Pittsburgh, amekonda, mwili unawaka homa, na wenzake hakuwaambia neno. Hakuweza kuimaliza mechi ile. Madaktari walimkuta na kifua kikuu, maradhi ambayo dawa yake haikupatikana mpaka miaka ya 1940. Alirudi kwao Chicoutimi, akafariki tarehe 27 Machi 1926, umri miaka 39.

Wenye klabu walitoa kikombe chenye jina lake, na hadi leo hupewa kipa bora wa ligi kila mwaka.