Henry Deringer: Fundi aliyeuza bastola mbili mbili, akaibiwa jina

Bastola iliyomuua Rais Abraham Lincoln wa Marekani, usiku wa Aprili 14, 1865, ilikuwa na urefu wa karibu sentimita 15 na uzito wa gramu kama 230. Ilitosha mfukoni bila kuvimbisha koti. Pembeni, kwenye bamba la chuma linaloshikilia mitambo yake, liligongwa jina la mzee wa miaka 78 aliyeishi Philadelphia, ambaye hakuhusika kwa lolote na mauaji hayo.

Mzee huyo ni Henry Deringer. Siku hizo yeye mwenyewe alikuwa na kesi upande wa pili wa bara, katika jimbo la California, dhidi ya mfanyabiashara aliyekuwa akiuza bastola bandia zenye jina lake. Alikuwa akipigania kitu ambacho kila anayevusha mzigo mpakani anakifahamu. Ziko bidhaa ambazo mnunuzi hawezi kuupima ubora wake kwa macho, na dosari yake huonekana siku ya shida. Anayenunua bidhaa ya namna hiyo hununua jina.

Mtoto wa fundi bunduki

Deringer alizaliwa Oktoba 26, 1786, katika mji wa Easton, jimbo la Pennsylvania. Baba yake, mhamiaji kutoka Ujerumani, alikuwa fundi bunduki. Kijana alipelekwa kujifunza kazi hiyohiyo Richmond, Virginia, na mwaka 1806, akiwa hajatimiza miaka 20, alifika Philadelphia na kufungua karakana yake. Hakuhama tena mji huo hadi kufa kwake.

Mteja wake mkubwa wa miaka ya mwanzo hakuwa mwenye mfuko bali serikali. Alitengeneza bunduki za jeshi, zikiwamo zile za muundo wa mwaka 1817, na pia bunduki ambazo serikali iliwapa wenyeji wa asili wa Marekani kutokana na mikataba iliyowekeana nao. Katika miaka ya 1840 alipata pia kazi ya bastola za jeshi la majini.

Kazi ya serikali ilikuwa na faida moja isiyohesabika kwa fedha. Mkaguzi alipitia silaha moja moja kabla ya kuipokea, na yenye kasoro ilirudishwa kwa fundi. Anayefanya kazi kwa mteja wa namna hiyo kwa miaka mingi huzoea kuikagua kazi yake mwenyewe kabla mkaguzi hajafika.

Kutoka gumegume hadi fataki

Bunduki na bastola za ujana wake zilikuwa gumegume. Jiwe lilishikwa na nyundo, likapiga chuma, cheche zikaangukia kwenye kisahani chenye baruti, na moto ukapenya kwenye tundu hadi ndani ya mtutu. Silaha ya hivyo haikufaa kukaa mfukoni. Baruti ya kwenye kisahani ilimwagika au kunyonya unyevu, jiwe lililegea, na mitambo iliyochomoza nje ilinasa kwenye nguo.

Fataki ndiyo iliyobadili mambo. Hiki ni kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa. Kilivalishwa kwenye chuchu ya chuma yenye tundu jembamba; nyundo ilipokipiga, moto ulipita tunduni moja kwa moja hadi kwenye baruti. Mitambo ikawa midogo, na yenye kuathiriwa na mvua kwa kiasi kidogo zaidi kuliko gumegume.

Deringer alitumia nafasi hiyo kupunguza vipimo vya bastola hadi ikaingia kwenye kiganja. Bastola yake ya mfukoni ilikuwa na mtutu mmoja mfupi, kitako cha mbao kilichopinda kama mdomo wa ndege, na risasi nene ya karibu milimita 10. Ndani ya mtutu alichonga mifereji ya kuizungusha risasi, kazi ambayo wengi hawakujisumbua nayo kwa silaha ndogo. Ilipakiwa kupitia mdomo wa mtutu: baruti, kitambaa, risasi, kisha fataki.

Hakuisajili serikalini kama uvumbuzi wake. Kila kilichokuwamo ndani kilikuwa kimekwisha kujulikana, na kilichokuwa chake ni kipimo na umakini wa kazi. Kwa hiyo hakuna sheria iliyomzuia mtu mwingine kutengeneza bastola ya umbo lile. Kinga yake pekee ilikuwa mstari wa maandishi aliougonga kwenye chuma: DERINGER, na chini yake PHILADELA, kifupi cha jina la mji wake.

Kwa nini ziliuzwa kwa jozi

Bastola hizi ziliuzwa zaidi mbili mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba moja ilikuwa na risasi moja tu, na kuipakia upya kulihitaji muda ambao mtu aliyevamiwa hana. Sababu ya pili ni kwamba hata hiyo risasi moja haikuwa na uhakika.

Mfuko ni mahali pabaya kwa silaha. Jasho la mwili hupenya kwenye nguo na kuleta kutu. Nyuzi na vumbi huingia kwenye tundu la chuchu, ambalo ni jembamba kiasi kwamba uchafu kidogo hulizuia. Fataki isiyobana vizuri huanguka mtu anapotembea, na mwenyewe asijue. Baruti iliyokaa siku nyingi ndani ya mtutu huvuta unyevu. Nyundo ikipiga, fataki hulia na risasi isitoke.

Baruti nyeusi ilikuwa na tabu nyingine. Baada ya kupigwa huacha masizi na chumvi zinazonyonya maji ya hewani. Bastola iliyorudishwa mfukoni bila kusafishwa ilianza kuliwa na kutu haraka, kuanzia ndani ambako jicho halifiki.

Mwenye busara aliitunza kwa utaratibu. Baada ya kupiga aliosha mtutu kwa maji ya moto, akaukausha vizuri, akapaka mafuta kidogo. Hapo kwenye mafuta palihitaji kiasi, kwani yakizidi yalishuka kwenye tundu la chuchu na kuharibu baruti mpya, na aliyetunza kupita kiasi aliishia sawa na asiyetunza. Kabla ya kupakia, alipasua fataki moja tupu ili kukausha tundu na kuhakikisha liko wazi. Shehena iliyokaa muda mrefu aliitoa na kuweka mpya.

Palikuwapo pia hatari iliyomkabili mbebaji mwenyewe. Nyundo iliyolala juu ya fataki ilihitaji pigo moja tu, kama vile bastola kuanguka sakafuni, ili ilipuke. Ndiyo maana mitambo ilikuwa na hatua ya kati, ambapo nyundo inasimama mbali kidogo na fataki na kujifunga. Usalama wote ulitegemea kijino kidogo cha chuma kilichochongwa sawasawa na kukazwa kwa moto sawasawa. Kikiwa laini kinalika. Kikikazwa kupita kiasi kinavunjika. Mnunuzi aliyesimama dukani hakuweza kukiona wala kukipima. Alimwamini aliyekichonga.

Soko la dhahabu

Januari 1848 dhahabu iligunduliwa Coloma, California. Watu walimiminika kutoka pande zote za dunia, na San Francisco, kijiji kidogo cha pwani, kikageuka mji wa biashara. Wachimbaji na wafanyabiashara walitembea na vumbi la dhahabu mwilini, mahali ambapo benki zilikuwa chache na polisi wachache zaidi. Kila mwenye mali alitaka kitu cha kuficha mfukoni.

Bastola za Philadelphia zilifika kwa meli, ama kwa kuzunguka ncha ya kusini ya Amerika, ama kwa kuvushwa nchi kavu Panama na kupakiwa tena upande wa pili. Reli ya kuvuka bara ilikamilika mwaka 1869, baada ya Deringer kufariki. Bidhaa iliyosafiri umbali huo haikuwa na njia ya kurudishwa kwa fundi. Deringer aliuza kupitia mawakala wa San Francisco, na baadhi ya bastola ziligongwa jina la wakala juu ya mtutu karibu na jina lake. Mnunuzi alijua nani ametengeneza na nani ameleta.

Majina yaliyofanana

Soko lilipokua, waigaji walijitokeza. Philadelphia kwenyewe, mafundi waliowahi kufanya kazi kwake walitoka na kuanzisha Slotter & Co., wakatengeneza bastola zilizofanana na zake hadi kwenye maandishi. Hawa walikuwa mafundi wa kweli, na nakala zao hazikuwa mbovu. Wengine walitengeneza vitu vya ovyo. Kundi moja lilimtumia mshonaji nguo aliyeitwa John Deringer, ambaye hakuwa fundi bunduki, ili liweze kugonga jina hilo kwenye chuma na kudai kwamba ni la mtu halisi. Wapo pia walioongeza herufi moja, wakaandika Derringer, wakijua kwamba mteja hahesabu herufi.

Kwa Deringer hasara ilikuwa ya aina mbili. Nakala nzuri ilimnyima mauzo. Nakala mbaya ilimnyima sifa, kwa sababu mtu ambaye bastola yake haikulia usiku wa hatari hakujua kwamba alinunua ya bandia. Aliwaambia wenzake kwamba Deringer haifai.

Kesi ya California

Deringer, mzee tayari, alimshtaki A. J. Plate, mfanyabiashara wa silaha San Francisco, kwa kuuza bastola zenye alama yake zisizotoka kwake. Utetezi uliegemea sheria. Mwaka 1863 California ilikuwa imepitisha sheria ya kusajili alama za biashara jimboni, na Deringer, mkazi wa Pennsylvania, hakuwa amesajili. Je, mgeni asiye na usajili ana haki gani?

Mahakama Kuu ya jimbo hilo ilitoa uamuzi mwaka 1865. Ilisema kwamba haki ya alama ya biashara inatokana na mtu kuitumia kwenye bidhaa zake, wala haikuzaliwa na sheria ya usajili. Usajili uliongeza njia ya kuilinda, haukufuta ile ya zamani. Tena haki hiyo haina mpaka wa eneo. Ni mali kama mali nyingine, na mwenye mali hapotezi mali yake kwa sababu tu imevuka kwenda jimbo jingine.

Wakati huo Marekani haikuwa bado na sheria ya taifa zima ya kusajili alama za biashara. Ya kwanza ilipitishwa mwaka 1870. Kesi ya fundi wa bastola ndogo ikawa miongoni mwa zile ambazo wanasheria waliendelea kuzirejea katika suala la jina la bidhaa linapovuka mpaka.

Kilichobaki

Mwaka huohuo wa uamuzi, John Wilkes Booth aliingia kwenye ukumbi wa Ford's Theatre jijini Washington akiwa na Deringer moja na kisu. Risasi ilitoka. Meja Henry Rathbone alipomrukia, Booth hakuwa na risasi nyingine. Aliitupa bastola na kumjeruhi kwa kisu. Lincoln alifariki asubuhi iliyofuata. Magazeti yalilitangaza jina la silaha hiyo kila kona ya nchi, mengi yakiliandika kwa herufi mbili za r.

Henry Deringer alifariki Februari 1868 akiwa na miaka 81, akazikwa kwenye makaburi ya Laurel Hill, Philadelphia. Inakadiriwa kwamba karakana yake ilitoa bastola za mfukoni 15,000 hivi. Zama za risasi zenye ganda la shaba zilikuwa zimekwisha kuingia: tangu 1866 kampuni ya Remington ilikuwa ikiuza bastola ndogo ya mitutu miwili, na iliendelea kuitengeneza hadi 1935. Risasi ya ganda iliondoa tatizo la fataki kuanguka na baruti kulowa, na mitutu miwili ikachukua nafasi ya jozi. Watu waliiita derringer, na hadi leo bastola yoyote ndogo ya namna hiyo huitwa hivyo, bila kujali nani kaitengeneza. Alichoshinda mahakamani kilipotea midomoni mwa watu.

Bastola ya Booth imehifadhiwa Ford's Theatre. Ulipozuka uvumi kwamba iliibwa na kuwekwa nakala mahali pake, wataalamu wa FBI waliichunguza mwaka 1997, wakailinganisha na picha za zamani: mikwaruzo ya chuma, mistari ya mbao, ufa kwenye kitako. Walithibitisha kwamba ni ileile. Jina lililogongwa ubavuni halikutosha kuwa ushahidi, kwa kuwa hilo kila mwigaji alijua kuligonga.