Clarence Jordan, mkulima aliyejenga nyumba bila riba

Sisi wa Bukavu tunajua uzito wa kutafuta mahali pa kulala. Kule Kadutu nyumba za mbao zimebanana juu ya mteremko, na kila msimu wa mvua tunahofia udongo kuporomoka usiku. Mpangaji hulipa mwezi kwa mwezi, na baada ya miaka mingi hana hata bati moja lililo lake. Kwa hiyo tukumbuke maisha ya ndugu Clarence Jordan, ambaye mbegu yake ilipandwa pia katika Kongo yetu.

Alizaliwa mwaka 1912 katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, kwa familia ya Kibatisti. Tangu utotoni alihuzunika kuona watu weusi wakidharauliwa na wale wale walioimba kanisani. Alisomea kilimo ili awasaidie wakulima maskini, kisha akasoma Kigiriki cha Agano Jipya mpaka udaktari.

Mwaka 1942 yeye, mke wake Florence na familia nyingine moja walianzisha shamba la Koinonia, karibu na mji wa Americus. Jina hilo ni neno la Kigiriki lenye maana ya ushirika, kama tunavyousoma katika Matendo 2. Weusi na weupe walifanya kazi pamoja na kula meza moja. Jambo hilo liliwachukiza majirani. Katika miaka ya 1950 walipigwa risasi, wakategewa mabomu, na wafanyabiashara wakakataa kuwauzia na kununua mazao yao. Wengi waliondoka. Clarence alibaki.

Mwaka 1968 alikutana tena na Millard Fuller, mwanasheria aliyekuwa ameacha utajiri wake. Pamoja waliona kwamba maskini hawahitaji sadaka tu, bali mtaji na watu wa kushirikiana nao. Wakatenga viwanja vya nyumba 42. Nyumba ingeuzwa bila faida na bila riba, sawasawa na agizo la Kutoka 22:25. Familia ingelipa kidogo kidogo, na fedha zinazorudi zingejenga nyumba ya jirani.

Clarence hakuiona nyumba ya kwanza ikikamilika. Alifariki ghafula tarehe 29 Oktoba 1969, akiwa na miaka 57, akazikwa katika sanduku la mbao za kawaida.

Lakini kazi haikuzikwa pamoja naye. Mwaka 1973 Fuller na familia yake walikuja Mbandaka, wakajenga nyumba kwa njia hiyo hiyo pamoja na ndugu zetu Wanafunzi wa Kristo. Waliporudi kwao mwaka 1976, walianzisha shirika la Habitat for Humanity, ambalo limejenga katika nchi nyingi. Kongo ilikuwa shule yao.

Basi sisi wa mashariki tujiulize. Katika parokia zetu wamo waashi, maseremala na mama wanaoweka akiba kila juma. Je, tunakopeshana kwa riba gani? Mjane akipandishiwa kodi, nani anasimama naye? Na kiwanja cha kanisa kilicho wazi kinamngoja nani?

Bwana atupe moyo wa kuanza na nyumba moja, hata kama wengine ndio watakaoiezeka. Amina.