Bud Collyer: Sauti Iliyofichwa, Msimamizi wa Kweli

Miongoni mwa watu mashuhuri ambao maisha yao yanastahili kukumbukwa, leo tumemchagua mtu ambaye Wamarekani wengi waliizoea sauti yake kwa miaka kadhaa kabla ya kulijua jina lake. Naye ni marehemu Bud Collyer, aliyeuendesha mchezo wa televisheni ulioitwa To Tell the Truth, yaani Kusema Kweli. Kazi yake ilikuwa kuwasimamia watu watatu waliodai jina moja, mpaka mwenye jina ajulikane. Lakini yeye mwenyewe alikwisha kuishi na siri ya jina kabla ya kuanza kufichua siri za wengine.

Collyer alizaliwa jijini New York tarehe 18 Juni, 1908. Wazazi wake walimwita Clayton Johnson Heermance. Collyer ni jina la ukoo wa mama yake, ambalo alilitwaa katika kazi ya uigizaji, kama alivyofanya dada yake, June Collyer, mwigizaji wa filamu. Alisoma katika Chuo cha Williams, kisha akajifunza sheria katika Chuo Kikuu cha Fordham. Alifanya kazi ya ukarani wa sheria kwa muda, lakini miaka ya 1930 redio ilikuwa ikienea upesi, na mwenye sauti nzuri aliweza kupata kipato kilichompita karani. Kijana huyo akayaacha majalada, akakifuata kipaza sauti.

Tarehe 12 Februari, 1940, ulianza kutangazwa mchezo wa redio wa Superman, shujaa wa hadithi za picha ambaye, ili asijulikane, hujifanya mwandishi wa gazeti mpole aitwaye Clark Kent. Msomaji wa hadithi za picha humtambua shujaa kwa mavazi yake. Msikilizaji wa redio hana ila masikio. Ugumu huo Collyer aliutatua kwa koo lake. Kent alimpa sauti nyembamba ya unyenyekevu. Saa ya hatari ilipofika, sauti ile ilishuka katikati ya sentensi ile ile, ikawa nzito, na watoto majumbani wakajua kwamba shujaa amefika. Ili watoto hao waendelee kuamini kwamba Superman yupo kweli, jina la mwigizaji halikutajwa hewani.

Siri hiyo ilidumu hadi mwaka 1946, wenye mchezo walipoamua kuutumia kupinga chuki ya rangi na ya dini. Katika miezi ya Juni na Julai ilitangazwa hadithi ya sehemu 16, ambamo Superman alipambana na genge la watu wenye kujifunika nyuso, waliokuwa wakiitesa familia moja ya Kichina. Genge lilipewa jina la kubuni, lakini hapakuwa na mtu mzima asiyefahamu kwamba linalosemwa ni Ku Klux Klan. Mwaka huo ndipo Collyer alipojitokeza kwa jina lake, akawaeleza waandishi wa habari makusudi ya kazi ile. Sisi tunaona kwamba hapo palikuwa na fundisho: wenye chuki walijifunika, na aliyewapinga akajifunua.

Baada ya vita televisheni iliipokonya redio wasikilizaji. Collyer naye akahamia huko, na tangu mwaka 1950 hadi 1961 aliendesha mchezo wa Beat the Clock, ambao washiriki walishindana na saa katika mambo ya kuchekesha. Lakini kazi iliyomjengea heshima kubwa ilianza tarehe 18 Desemba, 1956, shirika la CBS lilipoonyesha kwa mara ya kwanza To Tell the Truth, mchezo uliobuniwa na Bob Stewart na kutolewa na kampuni ya Mark Goodson na Bill Todman.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Watu watatu walisimama mbele ya watazamaji, kila mmoja akajitaja kwa jina lile lile. Collyer alisoma maelezo ya mwenye jina: kazi yake, safari zake au jambo la ajabu alilolitenda. Kisha waulizaji wanne waliwahoji kwa zamu. Wale wawili waliojitwalia jina waliruhusiwa kudanganya, bali mwenye jina alilazimika kusema kweli. Baadaye kila mwulizaji alipiga kura yake. Katika matangazo ya jioni, kila kura iliyokosea iliwapatia watatu hao dola 250, hata wakiwadanganya wote wanne waligawana dola 1,000. Mwisho Collyer alimwomba mwenye jina ainuke. Mmoja alijitikisa kama anayeinuka, mwingine akasogeza kiti, na watazamaji wakashusha pumzi tu aliyehusika aliposimama wima.

Si muda mrefu baadaye, aibu kubwa iliikumba televisheni ya Marekani. Mwaka 1959 mwalimu wa chuo kikuu Charles Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge kwamba katika mchezo wa Twenty-One alikuwa akipewa majibu kwa siri. Michezo kadhaa ilifutwa, na mwaka 1960 sheria ikapiga marufuku udanganyifu wa aina hiyo. Mchezo wa Collyer ulinusurika. Uongo wake ulikuwa wa wazi, wenye kanuni na wenye kikomo. Mwishoni kweli ilisimama mbele ya watu wote.

Hata hivyo haifai tumsifu mtu kwa kuficha upande mmoja wa maisha yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Collyer alikuwa rais wa chama cha wasanii wa redio. Ilikuwa miaka ya hofu ya Ukomunisti, na wasanii wengi walinyimwa kazi kwa kuwa majina yao yameandikwa katika orodha, pasipo kuulizwa wala kujitetea. Katika mvutano huo Collyer alikuwa pamoja na wapinzani wakali wa Ukomunisti. Miongoni mwa waliozipinga orodha hizo ni mchekeshaji Orson Bean, ambaye naye alikosa kazi kwa muda. Miaka ilipopita, Bean huyo aliketi miongoni mwa waulizaji katika mchezo wa Collyer, mahali ambapo hakuna aliyepigiwa kura kabla ya kuhojiwa.

Nje ya kazi, Collyer alikuwa mtu wa dini aliyefundisha shule ya Jumapili kwa miaka mingi. Mwaka 1966 alirudia sauti ya Superman katika filamu za katuni. Matangazo ya jioni ya mchezo wake yalikoma mwaka 1967 na yale ya mchana mwaka 1968. Alifariki Greenwich, Connecticut, tarehe 8 Septemba, 1969, akiwa na umri wa miaka 61. Mwezi huo huo mchezo ulirejea ukiongozwa na Garry Moore, na tangu hapo umefufuliwa mara kadhaa.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Maisha ya Collyer yanatuongezea neno: ufupi wa njia hiyo hutegemea kuwapo kwa mtu wa kuuliza, na mwenye jina kupewa nafasi ya kusimama. Mchezoni Collyer aliilinda haki hiyo kwa kila mgeni. Waliotiwa katika orodha zile hawakuipata.