Kovu la Munro Kerr na saa za uchungu

Mama uliyejifungua kwa upasuaji na sasa una mimba nyingine, kovu lililo kwenye mfuko wako wa uzazi lina historia yake. John Martin Munro Kerr alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1868. Mji ule ulikuwa wa viwanda, moshi umeziba jua, na watoto wengi waliugua matege. Wasichana hao walipokua na kushika mimba, nyonga zilikuwa finyu na mtoto hapiti. Daktari Kerr aliwakuta wengi wa namna hiyo katika hospitali ya wazazi ya mji huo.

Upasuaji ulikuwepo, lakini mfuko wa uzazi ulichanwa wima, juu, penye msuli mnene unaomsukuma mtoto. Damu ilimwagika nyingi, na katika mimba iliyofuata kovu liliweza kuachia hata kabla ya uchungu. Kuanzia mwaka 1911 Kerr akachana mlalo, sehemu ya chini iliyo nyembamba na isiyojikaza sana. Hakuwa wa kwanza (Mjerumani Ferdinand Kehrer alifanya hivyo 1881, wachache wakamfuata), lakini ndiye aliyeshikilia. Alipingwa kwa miaka, akachapisha matokeo yake 1926, akaishi hadi 1960 na kuona njia yake imekuwa ya kawaida.

Tofauti ni kubwa. Katika akina mama 1,000 wanaojaribu kuzaa kwa njia ya kawaida wakiwa na kovu la mlalo la chini, huachia kwa takriban 5. Kwa kovu la wima la juu ni kati ya 20 na 90, hivyo hawaruhusiwi kujaribu. Kovu la ngozini halisemi ulichanwaje ndani. Karatasi ya kuruhusiwa hospitali ndiyo inayosema. Itunze pamoja na kadi ya kliniki.

Sasa zile saa. Usidhani mkunga anayezihesabu ana haraka ya kisu. Kwenye patografu iliyozoeleka, uchungu ukishakolea mlango wa kizazi hutarajiwa kufunguka sentimita 1 kwa saa, na mstari wa kuchukua hatua uko saa 4 mbele ya ule wa tahadhari. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba wanawake wengi hufunguka polepole kuliko hapo, na hilo peke yake si sababu ya upasuaji. Kwako mwenye kovu, hata hivyo, uchungu uliosimama waweza kumaanisha mtoto amekwama na kovu linavutwa.

Zahanati haina chumba cha upasuaji. Kama unaishi mbali na Tarime mjini au Mugumu, sogea karibu na hospitali wiki za mwisho, wala usingoje bodaboda ya usiku. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu usiziguse kabisa. Maumivu yasiyokatika kati ya uchungu mmoja na mwingine, damu kutoka au mtoto kuacha kucheza, mwambie mkunga papo hapo: kovu likiachia, mtoto ana dakika chache tu.